Dungu

Niliamia mpunga kabla sijajua kusoma.
Msongola, bondeni kwa Mzinga, umri miaka minane,
dungu la fito limefungwa kwa kamba za mgomba,
kombeo mkononi, debe bovu kando,
na mjomba Pazi chini akigawa saa:
asubuhi ni ya kweleakwelea,
mchana wa ngedere, usisinzie,
usiku niachie mimi. Usiku ni wa nguruwe.

Kwale alikuwa mwizi mwenye adabu,
anadonoa kidogo, anaaga kwa makelele.
Nungunungu hakuwa na haya.
Alikata muhogo shina kwa shina
kama aliyeupanda yeye,
akaacha mwiba mmoja, risiti.
Mama aliuokota, akaupasulia njia za nywele zetu.

Hatukuwapenda. Niseme mapema,
maana siku hizi mtu akitaja mnyama
sauti inamlainika, kama anataja marehemu.
Tuliwatukana. Tuliwategea.
Nguruwe akinasa, mjomba hakumgusa,
alipeleka habari Pugu kwa watu wa misheni,
wakaja na gunia usiku, wakaacha sukari.

Kisha wakaja vijana na chombo cha miguu mitatu,
jicho moja limefumbwa, moja kwenye kioo.
Wakapanda bikoni.
Mjomba akauliza: mbegu gani hii isiyongoja mvua?
Ikaota.
Mwaka wa kwanza msingi, wa pili geti
lililosimama peke yake, halina ukuta,
limefungwa kufuli.
Shamba tuliuza vipande kumi na kimoja.
Kaburi la mjomba hatukuuza.
Liko kati ya ukuta na ukuta, unalifikia kwa ubavu.

Mimi sasa ni mlinzi.
Jumba la mtu wa Mikocheni, limekwama kwenye lenta,
mshahara unakuja kwa simu, tarehe ikimkumbuka.
Nimepima kwa hatua kutoka kisimani:
sebule yake ndipo lilipokuwa dungu.
Nalinda nondo, mbao za kenchi, mifuko ya saruji.
Katika maisha yangu yote
sijaona ngedere aliyeiba nondo.

Juzi, saa nane usiku, nikasikia kufukua.
Pale tangi linapovuja, udongo umelegea,
nguruwe jike na watoto wanne wenye mistari.
Wametokea wapi? Kutoka msituni hadi hapa
kuna lami, kuna mbwa, kuna baa mbili
na kanisa lenye spika.

Mkono ukatangulia, akili ikafuata:
ndoo ya rangi, kipande cha nondo,
ngo! ngo! ngo!
kama miaka minane, kama mpunga umeiva.

Taa zikawaka mtaa mzima.
Bodaboda wawili na panga,
mama Nsia wa nyumba ya kijani, tochi na filimbi,
mwalimu Luambano, bukta na kiatu kimoja.
Mwizi yuko wapi? Kaelekea wapi?
Wametoka Moshi, Songea, Tabora, watu wema,
wameamka kwa ajili yangu.
Nyuma yao, mkia wa mwisho ulikuwa unaingia kalavati.

Nikasema nilikuwa naota.
Wakasonya. Mama Nsia akanisogezea tochi usoni,
akaniuliza kama nimekula.

Sikulala. Nilikaa juu ya mifuko ya saruji,
na jambo moja likanitatiza mpaka adhana:
nilikuwa namfukuza kutoka kwenye nini?
Hakuna hata suke.

Saa moja na nusu akaja fundi Kilindo,
akakuta zege la kibaraza, tulilomwaga jioni,
limekanyagwa kutoka pembe hadi pembe,
kwato kubwa, na kwato ndogondogo zikizunguka.
Akainama. Mbwa gani huyu?
Akashika mwiko, akaomba maji alainishe.

Nikamwambia maji yameisha.